Nani Anayeotesha Hoho?

Kisu kinapopita katikati ya hoho, ndani hukutwa uwazi mkubwa kuliko nyama yenyewe, na chini ya kikonyo kumeshikamana kifundo cha mbegu bapa, nyeupe kuelekea njano, nyingi zisizohesabika kwa haraka. Mpishi huzikwangua kwa kidole gumba. Kachumbari haizitaki, mchuzi hauzitaki. Zinakwenda kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya vitunguu.

Siku moja mtu huziokota. Labda bei sokoni imepanda, labda mtoto amerudi kutoka shule na kazi ya sayansi, labda ni mikono tu inayotaka kushika udongo. Anachukua dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, analipasua kwa urefu, anatoboa matundu chini ili maji yasituame, anajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga kidogo. Anafukia mbegu, kina cha nusu sentimita hivi. Anamwagilia. Wiki ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu. Udongo uko vilevile, isipokuwa magugu mawili ambayo hakuna aliyeyapanda.

Sababu ni kwamba hoho ya kijani ni tunda bichi. Wengi hudhani ya kijani na nyekundu ni mimea miwili tofauti, kumbe mara nyingi ni tunda lile lile katika umri tofauti. Zipo aina zinazoivia kwenye njano au rangi ya chungwa, lakini kijani ndicho kituo cha kwanza. Huchumwa mapema kwa sababu likiwa gumu husafiri vizuri kwenye matenga, na mkulima hupata fedha yake bila kungoja wiki nyingine kadhaa. Mbegu za ndani zinaonekana kamili kwa macho, lakini nyingi hazijakomaa. Anayetaka mbegu za kweli aache tunda moja au mawili shinani mpaka yawe mekundu kabisa, yaanze hata kusinyaa, ndipo ayapasue na kuanika mbegu kivulini juu ya sahani kwa wiki moja au mbili. Yaani, lazima kuwe na hoho ambayo haitaliwa ikiwa bado mboga nzuri.

Akifanya hivyo, mambo hubadilika. Penye joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo Dar es Salaam na Mombasa hulitoa bure, mbegu nyingi huota kati ya siku ya 7 na ya 14. Kwenye miinuko kama Njombe au Limuru, miezi ya baridi humlazimu mtu asogeze chombo karibu na jiko, kwa maana udongo ukishuka chini ya nyuzi 15 mbegu hulala tu. Kisha asubuhi moja udongo unapasuka ufa mwembamba, na mgongo wa kijani uliojikunja unatokeza. Mpanzi anamwita jirani aje aone, na anasema kwa furaha: nimeotesha hoho.

Je, kweli ameotesha?

Swali hili linaweza kuonekana la kuchezea maneno, lakini lina historia ndefu, na Kiswahili kimelibeba ndani ya sarufi yake. Mbegu huota, mtu huotesha. Kiambishi kidogo cha usababishi kinamtoa mtu pembezoni na kumweka katikati ya tendo. Ila vitenzi vya namna hiyo havina uzito mmoja. Anayeangusha gilasi ameiangusha yeye, gilasi haikuwa na la kuchangia. Mama anayemlaza mtoto yuko katika hali nyingine. Amezima taa, amepunguza sauti, amempigapiga mgongoni, ameimba, lakini usingizi wenyewe hauko mkononi mwake, na kila mzazi aliyekesha anajua hivyo. Anayechekesha hawezi kucheka kwa niaba ya msikilizaji. Anayenyonyesha hutoa titi, na mtoto ndiye anayenyonya. Katika vitenzi hivi mtendaji huandaa, kisha tendo linafanyika ndani ya mwingine, kwa nguvu ya huyo mwingine. Kuotesha ni ndugu wa kulaza, si wa kuangusha.

Kurani imeliuliza swali hili waziwazi. Sura ya 56, al-Waqi'a, inawaelekea wanaolima na kuwauliza kuhusu kile wanachokitia ardhini: wao ndio wanaokiotesha, au ni Mwenyezi Mungu? Kiarabu kina vitenzi viwili hapo, kimoja cha kulima na kutifua, kingine cha kuotesha, na aya inawaachia watu cha kwanza huku ikiwahoji kuhusu cha pili. Wafasiri, akiwemo at-Tabari, wamepokea simulizi kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume alikataza mtu kusema kuwa ameotesha, aseme amelima. Wapo wanazuoni walioiona isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kuwa dhaifu, na hakuna haja ya kumvamia jirani mwenye furaha na dumu lake la hoho. Hata hivyo, simulizi hiyo inaonyesha jinsi watu wa dini walivyouona mpaka kati ya vitenzi viwili kuwa jambo la imani.

Injili ya Marko, katika sura ya 4, ina mfano usiopatikana katika Injili nyingine. Mtu anamwaga mbegu, analala, anaamka, siku zinapita, na mbegu inaota na kukua bila yeye kujua vipi. Neno la Kigiriki linaloeleza jinsi ardhi inavyozaa hapo ni automate, na mzizi wake ndio uliotupa neno otomatiki. Mkulima wa mfano huo halaumiwi kwa kulala wala kwa kutojua. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana nani ni mfuasi wa nani, alitumia kitalu hicho hicho: yeye alipanda, Apolo akatia maji, ila aliyekuza ni Mungu. Ugomvi wa Korintho ulikuwa kuhusu sifa, na Paulo alijua kwamba hakuna mahali sifa inapopungua haraka kama mbele ya mche.

Karne nne kabla ya Paulo, Aristotle alikuwa ameukata mpaka huo kwa kisu kingine, bila maandiko. Katika kitabu cha pili cha Fizikia anaukumbuka mfano wa Mgiriki mwenzake Antiphon: kitanda kikifukiwa ardhini, na kuoza kwake kukiweza kutoa chipukizi, kitakachotoka ni mti, si kitanda. Umbo la kitanda limetoka kwa fundi, na udongo haulitambui. Mti una chanzo cha mabadiliko yake ndani yake wenyewe. Afrika Mashariki jaribio hili hufanyika kila mwaka bila mwanafalsafa: watu huchomeka fito za mnyaa kuzungushia boma, mvua inanyesha, fito zinashika. Kinachochipua ni mnyaa. Uzio ni wazo la mwenye boma, na hakuna mvua inayoweza kuliotesha.

Basi ndani ya mbegu ya hoho kuna nini hasa? Kiinitete chake kimejikunja kama konokono, kimezungukwa na ukuta wa akiba ya chakula, na nje yake kuna ganda. Maji yanapoingia, mbegu inavimba. Hapa sayansi ina habari ya kushangaza: mbegu iliyokufa nayo hunyonya maji na kuvimba. Ukizitazama zote mbili mwanzoni, hutajua ipi ni hai. Tofauti huja baadaye, pale mbegu hai inapoanza kutoa vimeng'enya vinavyolainisha ukuta wa akiba mbele ya ncha ya mzizi, ndipo mzizi unapousukuma na kutoboa. Mlango hufunguliwa kutoka ndani. Yale maji ambayo mpanzi anajivunia kuyamwaga yameingia kwenye mbegu zote sawasawa, na kwa mojawapo yamekuwa wito, kwa nyingine yamekuwa mwanzo wa kuoza.

Mbegu hai, kwa hiyo, haifi ili iote. Jambo hili limewahi kutumiwa kuwakosoa Yohana na Paulo, ambao wote wawili wanazungumzia mbegu inayokufa ardhini. Ukosoaji huo ni wa haraka mno. Ganda linaachwa, akiba inaliwa mpaka inakwisha, umbo la mbegu linapotea moja kwa moja. Mwaka ukigeuka hakuna mtu atakayefukua na kuikuta. Kwa mtu aliyetazama shamba kwa macho tu, neno kufa halikuwa kosa. Lilisema kwamba mbegu haiwezi kubaki mbegu na kuwa mmea kwa wakati mmoja.

Lakini ile hali ya katikati, ambapo mbegu kavu ipo ndani ya bahasha na haifanyi lolote linaloonekana, inabaki kuwa fumbo zito zaidi. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa 20 huko Michigan, Marekani, kila moja ikiwa na mbegu za mimea ya aina mbalimbali, ili zifukuliwe kwa zamu. Chupa moja ilitolewa mwaka 2021, usiku, ili mwanga wa jua usiziguse mbegu, na baadhi yake zikaota baada ya zaidi ya miaka 140. Huko Israeli, kokwa ya mtende yenye umri wa miaka 2,000 hivi, iliyofukuliwa kwenye magofu ya Masada, ilipandwa mwaka 2005 na ikatoa mti. Hoho haina subira hiyo. Mbegu zake huanza kupoteza uwezo ndani ya miaka michache, na kwenye joto la unyevu la Pwani hupotea mapema zaidi zisipofungwa vizuri. Ndiyo maana hoho humtaka mtu kila baada ya muda mfupi: asipopanda, ukoo unakatika kabatini.

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, asingeridhika na mazungumzo haya ya nguvu ya ndani. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, mjadala wa 17, anauliza kuhusu pamba inayoguswa na moto. Macho yanashuhudia mguso, kisha yanashuhudia kuungua. Kilichounganisha mambo hayo mawili hakuna jicho lililokiona. Mungu huumba kuungua, na kwa rehema zake ameyapanga mambo yafuatane kwa namna watu waliyoizoea. Mazoea hayo aliyaita ada, neno lile lile lililoingia Kiswahili na leo kusikika kwenye ada za harusi na ada za shule. Kwa hoja hiyo hata kuangusha gilasi si tendo la mtu pekee, sembuse kuotesha. Maji na joto ni mahali ambapo Mungu amezoea kuumba uotaji.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alikuwa kadhi na tabibu, na alimjibu kwa ukali wa mtu anayejua kwamba dawa lazima ifanye kazi. Akisema mtu kwamba vitu havina nguvu zao, alidai, ameondoa maarifa yenyewe, maana kujua kitu ni kujua kinachosababisha na kinachosababishwa. Bila hivyo hakuna tofauti kati ya mbegu ya hoho na kokoto, isipokuwa mazoea.

Hoho yenyewe inaweza kuingizwa katika ugomvi huu kama shahidi. Ni ya spishi moja na pilipili nyingi kali, Capsicum annuum, iliyofugwa na watu wa Mexico maelfu ya miaka iliyopita na kufikishwa pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuvuka bahari. Jina lake nalo limehama: kamusi za zamani zinaitaja pilipili hoho kuwa ni ile nyekundu inayowasha, na Zanzibar mpaka leo hii isiyowasha huitwa pilipili boga. Ukali wake umepotea kwa hitilafu ya jeni moja, hitilafu inayojitokeza tu pale mmea unapoirithi kutoka pande zote mbili. Sasa, maua ya hoho kwa kawaida hujichavusha yenyewe. Lakini nyuki akitoka kwenye pilipili kali ya jirani na kutua juu ya ua la hoho, tunda litakalotunga litakuwa tamu kama kawaida. Mwenye bustani atalila nusu, atahifadhi mbegu, na mwaka unaofuata mtoto wa nyumbani atauma hoho na kulia. Ada imevunjika. Ghazali angekumbusha kwamba hakuna aliyeahidiwa kwamba hoho itazaa hoho. Ibn Rushd angemtafuta nyuki.

Nyuki alipatikana, na jeni nayo ikapatikana. Katika hilo Ibn Rushd ana haki, na anayehifadhi mbegu nyumbani bila kujua habari za uchavushaji atapata hasara ambayo dua peke yake haiizuii; atenganishe mimea, au afunge ua kwa kitambaa chepesi kabla halijafunguka. Vivyo hivyo anayehifadhi mbegu za tunda la chotara asishangae watoto wakitawanyika kwa maumbo. Akitaka wafanane na mzazi achague aina iliyotulia, kama California Wonder, ambayo imekuwa ikilimwa tangu mwaka 1928. Ila hoja ya Ghazali haifi kwa kumpata nyuki. Kila sababu inayopatikana hueleza kwamba hiki hufuatwa na kile. Kwa nini pawe na kufuatana kokote, kwa nini ncha ya mzizi ielekee chini na si kubaki imejikunja milele, bado ni swali linalomsimamisha mtu pembeni ya dumu lake.

John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefariki mwaka 2019, alilileta swali hili kwenye upande wa wakati. Katika African Religions and Philosophy, kitabu cha mwaka 1969, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi Waafrika wanavyoishi wakati: uliopita ni mrefu, uliopo umejaa, ujao karibu haupo, kwa kuwa ambacho hakijatokea hakijawa wakati. Mghana Kwame Gyekye alimpinga akitumia ushahidi wa lugha ya Kiakan. Kiswahili chenyewe kina ushahidi wake pia, kwa kuwa lugha inayohesabu kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo si lugha ya watu wasiotazama mbele. Lakini Mbiti alibakiza mwanya ambao wapinzani wake wengi huupita haraka: yale yanayofuata mwendo wa asili, kama msimu na mavuno, aliyahesabu kuwa ni wakati uliomo, hata kama haujafika. Mbegu iliyokwisha fukiwa iko hapo. Siku 10 za kuota, wiki 6 hivi kitaluni, siku 70 au 80 kutoka kupandikiza mpaka hoho ya kwanza, kisha wiki nyingine za kungoja wekundu. Miezi kama mitano imekunjwa ndani ya kitu chepesi kuliko ukucha, na mpanzi anaisogelea bila kuweza kuiharakisha hata kwa siku moja.

Wanaojaribu kuiharakisha huadhibiwa na kinyausi, ugonjwa wa miche. Mtu anayeamini kwamba yeye ndiye mwoteshaji humwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa mapenzi ya kweli kabisa. Udongo unalowa kupita kiasi, ukungu unaingia, na miche iliyosimama vizuri jana inakutwa imelala, shina limesinyaa kwenye usawa wa ardhi kama lililobanwa kwa koleo. Hakuna dawa ya kuiinua. Anayejua kwamba uotaji si wake hugusa udongo kwa kidole kwanza, na ukiwa na unyevu anarudisha kopo la maji mahali pake.

Kuna asubuhi moja katika kazi hii ambayo haiepukiki. Mche umeinuka, shina limenyooka, lakini ganda la mbegu limekwama kileleni kama kofia ndogo na kuyafunga pamoja majani mawili ya kwanza. Majani yanasukuma, kofia haitoki. Vidole vya mpanzi vinakwenda vyenyewe. Akilivuta ganda likiwa kavu, mara nyingi linatoka na ncha za majani, na pengine kichwa kizima, na mche usio na kichwa hauna pa kuendelea. Basi anachovya kidole kwenye maji, anaachilia tone moja juu ya ganda, anafunika dumu kwa kipande cha plastiki ili unyevu ukae, anakwenda kazini. Jioni anakuta bado. Anaongeza tone, anazima taa ya veranda. Alfajiri, kabla ya chai, anainama tena: ganda liko chini juu ya udongo, limepasuka katikati, na majani mawili yamefunguka, moja likiwa na alama ndogo pembeni pale lilipokuwa limebanwa.